Fimbo Mbili, Barabara ya 9

Binti yetu wa kwanza ni muuguzi huko Tampere, Ufini. Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, alinitumia mzigo kwa mkono wa msafiri. Ulikuwa mrefu, mwembamba, umeviringishwa kwa gazeti la huko ambalo mke wangu alilikunja akaliweka, maana nyumba hii haitupi karatasi. Zilipotokeza bomba mbili nyeusi zinazong'aa, akainua mikono juu. "Alhamdulillahi, mtoto kakumbuka mapazia."

Basi zikapanda dirishani. Idi ikatukuta hivyo, na wageni wote walizisifu. Mimi sikuwa na la kupinga; niliona tu mikanda ikining'inia kwenye ncha moja, nikadhani ndiyo mitindo ya Ulaya.

Binti alipopiga simu ya video kutaka kuniona nikitembea, mke wangu akageuza simu amwonyeshe kwanza sebule. Upande wa pili ukanyamaza. Kisha: "Baba, hizo ni fimbo zako za mazoezi."

Nikamwambia fimbo ninayo. Ninayo bakora ya mpingo niliyoachiwa na marehemu baba, naishika Ijumaa na kanzu yangu, na hakuna anayeniuliza kitu. Akasema hizi si za kuegemea, ni za kujisukuma. Wateleza theluji wa Ufini walikuwa wakifanya mazoezi nazo kiangazi, theluji ikiisha, wasije wakalegea. Mwaka 1997 zikaanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, na wazee wakazipenda kuliko vijana. Wenyewe wanauita mwendo huo sauvakävely, yaani mwendo wa fimbo. Mke wangu alimwomba alirudie neno hilo mara mbili, kisha akasema mtu wa namna hiyo apewe tangawizi. Binti hakucheka. Alisema kule kwenye kilima cha Pyynikki bibi wenye miaka 80 wanampita yeye, tena wakipiga soga, na kwamba daktari wangu ameshasema presha yangu haitashushwa na kukaa barazani.

Nani alimwambia maneno ya daktari? Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anakunja pazia.

Kuna hesabu yake. Unachukua urefu wako kwa sentimita, unazidisha kwa 0.68, jibu ndio urefu wa fimbo. Nikasema mimi ni 170. Mke wangu, ambaye amekuwa akinishonea kanzu kwa miaka 40, akaleta futi yake, akanisimamisha ukutani, akatangaza 165. Nilimwambia ukuta umeinama. Mwishowe nikakaza fimbo kwenye 115, kwa hesabu ya ujana wangu, na matokeo yake viwiko vikapanda juu kama vya mtu anayeendesha baiskeli kubwa kuliko yeye. Hapa Tanga, mji wa baiskeli, kila mtoto anaijua sura hiyo.

Lakini urefu haukuwa shida kubwa. Shida ilikuwa miguu. Mwendo wenyewe unataka mkono wa kulia uende na mguu wa kushoto, kama unavyotembea siku zote bila kufikiri. Mpe mtu fimbo mbili aanze kufikiri, basi kila kitu kinaharibika. Nilikuwa napeleka mkono wa kulia na mguu wa kulia, kisha wa kushoto na wa kushoto, nikiyumba. Mjukuu wetu wa miaka tisa alinitazama uani akasema, "Babu anatembea kama ngamia." Na kweli ngamia huenda hivyo, upande mmoja kwa pamoja. Kwamba tunaishi Ngamiani, hilo majirani hawakuhitaji kukumbushwa. Jina lilifika mwisho wa mtaa kabla yangu.

Binti akatoa dawa kwa simu: "Baba, zikokote tu nyuma, usizipige chini. Mikono itakumbuka yenyewe." Nikazikokota uani siku mbili, na kweli ikakumbuka. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho bakora haikunifundisha. Bakora inakwenda mbele yako, inapapasa njia, inakutangulizia heshima. Hizi ncha zake zinabaki nyuma, zimelala, na ukisukuma unafungua kiganja, mkanda unashika kazi, na unasikia mgongo na mabega yanaitwa. Nilijisikia kama mtu anayepiga kasia nchi kavu.

Raha hiyo haikufika wiki. Mjukuu alizichukua bila ruhusa maji yalipokupwa, akaenda nazo Raskazone kuchokoa pweza. Pweza hakupatikana. Chumvi na mchanga vilipatikana tele, vikaingia ndani ya bomba, na fimbo zikagoma kuzunguka. Fimbo hizi ni bomba ndani ya bomba; unazizungusha ndipo zinakazana. Mke wangu, kwa huruma yake, na bila kuniambia, akazifungua, akazifuta, akazipaka mafuta ya nazi. Zikawa laini kama cherehani. Sasa kitu kinachoshika kwa kukwaruzana, ukikipaka mafuta, kinashika nini?

Jibu nililipata kesho yake alfajiri, mbele ya muuza kahawa, watu wote wa kijiwe wakiwa wamekaa. Nilisukuma kwa nguvu, fimbo ya kulia ikajimeza hadi nusu, nami nikaifuata. Kofia ilikwenda upande wake. Waliniinua kwa adabu kubwa, wakanipangusa, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, imeanza lini?"

Sikumwelewa mpaka jioni. Walikuja watu kumi na wawili. Sukari kilo tatu, uji wa pilipili manga, na dua ndefu. Kwao mzee mwenye fimbo moja ni mzee. Mwenye mbili amepigwa na kiharusi, na familia inaficha. Mke wangu alisimama mlangoni akiapa kwamba sina ugonjwa, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyomhurumia. Nilipojaribu kuwaeleza habari za Wafini na theluji, shemeji yangu aliniwekea kiganja kwenye paji la uso.

Nikarudi kwa bakora yangu. Fimbo zikapelekwa nyuma ya kabati, na nilidhani yamekwisha.

Miezi miwili baadaye niliamka alfajiri, upande wa pili wa kitanda ukiwa baridi. Nilitoka na bakora, nikafuata barabara kuelekea baharini, na mbele yangu nikaona buibui jeusi likienda kasi, fimbo mbili zikikwaruza lami nyuma yake kwa mapigo sawasawa, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, bila kosa. Fimbo moja ilikuwa imepoteza kiatu chake cha mpira. Alikuwa ameivalisha kipande cha kandambili. Nilimwita. Hakugeuka. Nilijaribu kumfikia, nikashindwa.

Jioni hiyo wakaja tena, tisa safari hii, na sukari kilo mbili. Mke wangu aliipokea mlangoni kwa mikono miwili, akajitanda vizuri, akakohoa kidogo.

"Asanteni," akasema. "Leo nimepata nafuu."