Shajara ya Nyonga ya Meneja

Jumatatu

Mvua tangu alfajiri, yaani ni Bukoba tu. Meneja amefika kwenye ngazi ya baraza, ambayo ni moja, akaitazama kwa muda, kisha akazunguka nyumba nzima na kuingilia mlango wa jikoni. Umri wake Bilele yote inaujua, kwa kuwa alizaliwa wiki ile ya tetemeko la Septemba 10, 2016. Mama yake alikuwa wa kienyeji. Baba anasemekana ni German Shepherd, ukoo unaojulikana kwa kuumwa nyonga.

Mpwa wangu anayesomea udaktari wa mifugo Sokoine, Morogoro, ametuma ujumbe wa sauti. Anasema dalili ni za baridi yabisi: gegedu la kwenye kiungo linalika, mifupa inaanza kusagana, na misuli ya jirani inakakamaa kwa kubeba mzigo usio wake. Nimwite bwana mifugo. Wakati namsubiri, naweza kumkanda kwa akupresha, ambayo ni akupancha isiyo na sindano: unabonyeza nukta za mwilini kwa kidole. Amesema si uganga, maana madaktari wa mifugo wanaotumia akupancha wana chama chao cha kimataifa, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1974. Ila ushahidi wake ni mwembamba, na gegedu lililokwisha halirudi kwa kubonyezwa.

Mke wangu ameuliza kama naweza kuanza na mgongo wake. Nimemjibu kwamba Meneja ametangulia kwenye foleni. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumanne

Nukta ya kwanza iko mguu wa nyuma, juu kidogo ya kisigino, pale ngozi inapokuwa nyembamba kati ya mfupa na ile kano nene. Unabana kwa kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, polepole, nusu dakika hadi dakika nzima. Wenyewe wanaiita nukta ya aspirini. Mbwa akiikubali hupiga miayo, hujilamba midomo au hushusha pumzi.

Nimebana. Aliyepiga miayo ni mimi. Meneja amejikokota akaenda kulala chini ya pikipiki ya mpangaji, ambayo inavuja oili. Sasa ana doa jeusi kiunoni, penye ile nukta ya katikati ya uti wa mgongo iitwayo Bai Hui. Nilikuwa nahangaika kuipata. Leo sikuhangaika.

Jumatano

Jirani amesikia mgonjwa bado hajapona, akaja na kidonge cha diklofenaki anachotumia kwa magoti yake. "Waitu, mchanganyie kwenye senene, hatajua." Senene alikuja nazo, za kukaanga na kitunguu, kwenye kibakuli.

Nimempigia mpwa kwanza. Amesema, "Mjomba, usithubutu." Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, na dozi yake hupangwa na daktari kwa kilo. Nimekata simu, nikamrudishia jirani kidonge chake kwa shukrani. Kibakuli pia kilirudi, kitupu. Meneja alikuwa amelala kando, ananuka kitunguu.

Alhamisi

Bwana mifugo amefika. Ameinua mguu mmoja, akaukunja, akaukunjua, akausikiliza. Kuhusu vidole vyangu amesema, "Endelea, mzee, ila usikande pakiwa pamevimba na pana joto." Kisha ametaja dawa ya kwanza: kupunguza mwili. Mbwa mnene mwenye nyonga mbovu akipungua asilimia 6 hadi 8 ya uzito, tofauti huonekana kwenye mwendo.

Mizani ya karibu ni ya mnunuzi wa kahawa, na msimu huu haina kazi. Meneja alikataa kusimama juu yake, ikabidi nipande naye mikononi, kisha nipande peke yangu, tutoe. Meneja ana kilo 33, kwa hiyo anadaiwa kilo 2 na ushee. Uzito wangu ulikuwa siri mpaka mnunuzi aliposoma kwa sauti ile ile anayotumia kuwasomea wakulima. Mtu wa nyuma akauliza kama ni gunia pamoja na maganda.

Ijumaa

Nimefanya uchunguzi wa nani anamlisha. Muuza samaki humpa vichwa vya sangara. Mama ntilie humpa ndizi na maharage. Mpangaji humpa andazi la asubuhi ili asibwekee pikipiki. Nyumbani alikuwa anakula kwa heshima tu.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi, nimechapa tangazo, nikalivisha plastiki na kulifunga shingoni mwake: TAFADHALI USINIPE CHAKULA. Jioni nimepita kwa mama ntilie. Amelisoma lote, akaniangalia, akasema hakujua kama nyumbani kwangu hali imefikia hapo. Amemwongezea nyama.

Jumamosi

Bwana mifugo alishauri kutandika kitu juu ya vigae, kwa sababu mbwa akiteleza kiungo kinaumia upya. Nimetandika mkeka. Saa 4 mama mkwe ameingia bila taarifa kutoka Muleba, akaukuta mkeka, akaukalia. Meneja akakaa naye.

Nilikuwa nabonyeza Tumbo 36, iliyoko chini ya goti, upande wa nje. Mama mkwe ameuliza tumbo limefikaje mguuni. Nimeeleza kuwa kwa Wachina kuna njia inayoteremka toka kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, na nukta zimepewa namba. Meneja akashusha pumzi ndefu. Mama mkwe akauliza kama binadamu naye anayo. Anayo: vidole vinne chini ya kifuniko cha goti.

Mkwe hashiki mguu wa mama mkwe. Nimegeukia ukutani nikawa naelekeza, mke wangu anabonyeza. "Chini kidogo. Nje. Sasa hesabu." Nyuma yangu nimesikia pumzi nyingine ikishushwa. Sikuuliza ya nani.

Jumapili

Baada ya misa, mama mkwe amerudi na bibi watatu aliokaa nao benchi moja. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Unguja amejileta mwenyewe. Amewahakikishia kwamba madaktari wa Kichina walifika kule tangu mwaka 1964, na kwamba yeye walimchoma sindano akapona, ingawa hakumbuki alikuwa anaumwa nini. Mkeka umejaa. Meneja amesubiri zamu yake, akachoka, akampa mke wangu mguu mwenyewe, katikati ya goti la bibi wa pili.

Mama mkwe amesema hataondoka mpaka amalize dozi. Nimeuliza dozi ni ya muda gani. Amesema mimi ndiye mtaalamu.

Usiku mpwa ameandika kuomba ripoti ya mgonjwa. Nimemjibu ataje yupi.