Kisu Kiko Wapi?

Wanaochanga zawadi za kicheni pati hapa Dar es Salaam hawamuulizi bibi harusi anapika nini. Wanauliza rangi. Mimi nilisema nyekundu, nikaletewa seti ya visu vya mipini myekundu, vimechomekwa kwenye kigogo cha mbao kama askari wa gwaride.

Kila kimoja kina kazi yake, ila kazi zenyewe nyumbani kwetu hazipo. Kile kirefu chenye meno ni cha mkate, na mkate wa dukani huja umeshakatwa slesi. (Kinakata nyanya vizuri, nikipe haki yake.) Kile chembamba ni cha kutenganisha mnofu na mfupa, lakini bucha letu linatumia shoka na gogo, kwa hiyo kazi inayobaki ni kutema vijipande vya mfupa wakati wa kula. Vya steki ndiyo usiseme. Mgeni ukimwekea kisu kando ya sahani ya nyama choma, atajua nyama ni ngumu, ataaga mapema. Mkasi ulishahamia kwenye begi la shule, na kile chuma cha kunolea kinaponda kitunguu saumu.

Kinabaki kikubwa, kisu cha mpishi, bapa lake sentimita 20. Kizuri mno, kwa mtu anayesimama mbele ya meza na kukata kwenda chini. Sisi tuliokulia uani, juu ya kigoda, ubao wetu ni kiganja. Fungu la mchicha unalibana mkono wa kushoto, kisu unakivuta kuja kwenye dole gumba, majani yanadondoka sufuriani moja kwa moja. Kazi hiyo inataka kisu kifupi, chepesi, chembamba. Ukiifanya kwa sentimita 20, mboga itaiva na vidole.

Hayo yote nilikuwa nikiyavumilia mpaka Shangazi alipokuja kutoka Tanga.

“Shikamoo Shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Kisu kiko wapi?”

Nikamwonyesha kigogo.

“Hayo nimeyaona. Nauliza kisu.”

Akachomoa kimoja kwa heshima ya mwenyeji, akakiweka juu ya nyanya. Nyanya ikabonyea, ikafikiri, kisha ikamrushia mbegu zote kwenye dera. Visu vyenyewe havikuwa na kosa. Tatizo ni kibao cha kioo, nacho cha kicheni pati hiyohiyo: kioo hakibonyei hata kidogo, basi makali ndiyo yanayolala. Mbao ingeyapokea.

Shangazi hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Kisu cha mhunzi, kilichofuliwa kutoka kwenye springi ya gari, kimenolewa miaka na miaka hadi bapa limebaki na upana wa kidole. Akageuza kikombe cha udongo, akapitisha kisu kwenye ule mduara wa kitakoni usio na rangi, shwa, shwa, kisha akakata kitunguu hewani, vipande vyembamba vya kuonyesha taa. Chozi hakuna. Kisu butu hukiponda kitunguu, ule ukali wake ukakurukia machoni. Chenye makali hupita taratibu. Mume wangu alichungulia, akaona hakuna anayelia, akauliza kama leo hatupiki.

Chuma cha namna hiyo kina deko lake. Ukikatie ndimu, ukiache na maji, asubuhi kina kutu. Ndiyo maana Shangazi hamwachii mtu akioshe. Ila kunoleka kinanoleka upesi, na kwangu hilo linashinda kung'aa.

Basi nikaenda Kariakoo na kitunguu kwenye mkoba. Kisu unachokishika dukani bila kukata kitu kitakwambia bei tu. Muuza visu alinitazama nikimenya mbele ya meza yake.

“Dada, hapa hatupiki.”

“Najaribu.”

Cha kwanza mpini mnene, cha pili kizito kichwani, cha tatu kikateleza vizuri hadi kwenye dole gumba, kikasimama penyewe. Mama mmoja aliyekuwa akipita akaomba naye ajaribu. Akafuata mwingine, ana nyanya zake. Wakati nalipa, muuzaji alikuwa ameshamtuma kijana pilipili na chumvi, na kitunguu changu amekataa kunirudishia.