Misingi Mikuu ya Mchezo Huru katika Kaya za Talatala

Mchezo huru, yaani mchezo ambao mtoto huuanzisha, huuendesha na kuuvunja mwenyewe pasipo mtu mzima kutia mkono, ni taaluma nzito ambayo hatimaye imempata bingwa wake huko Talatala, Kyela, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ingawa ubingwa huo amejitunuku mwenyewe. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akawawekea viti na kabati za kimo chao, lakini, masikini, hakuwahi kuiona Kyela wakati wa masika.

Kona ya mchezo, maana yake sehemu ya nyumba iliyotengewa watoto, sharti iwe barazani, kwa kuwa mvua ya huku haipigi hodi, tena upande usioelekea ziwani, jambo ambalo kila bibi wa Talatala alilijua kabla ya utafiti. Vifaa viwe vichache, vipangwe kwenye rafu ambayo mtoto anaifikia bila kupanda juu ya kinu: maganda makavu ya kakao, magunzi, vigae vya vyungu vya Wakisi vilivyosuguliwa makali, na kipande cha mgomba, ambacho bingwa huyo, mtaalamu wetu, amekiainisha kuwa kifaa kisicho na jibu moja, kwa sababu asubuhi hubebwa mgongoni kwa kanga, adhuhuri huwa mtumbwi, na jioni ni ng'ombe aliyegoma kuingia zizini.

Ili uhuru huo usivurugike, ipo ratiba: robo saa ya kujenga, robo saa ya kubomoa, chini ya uangalizi wa mama, shangazi na mtaalamu mwenye daftari. Mtoto atakayejitegemea kabla ya zamu yake arudishwe mkekani.

Wapo wakaidi watakaomtaja Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Wanyakyusa, wenyeji wa huku, miaka ya 1930 na kuchapisha mwaka 1951 kitabu kuhusu vijiji vya marika, yaani makazi yaliyoanzishwa na wavulana wa miaka 10 hivi, ambao walijijengea vibanda vya matete, wakalala huko, na kurudi kwa mama zao kula tu. Mtaalamu anakubali kwamba wavulana hao walisimamisha kijiji kizima bila rafu wala daftari, ila anasisitiza kuwa hawakufuata ratiba, na kwa hiyo mchezo wao hauwezi kuitwa huru.

Maswali yatapokelewa kwa maandishi. Watoto, ambao wamekwisha kutoroka na kipande cha mgomba kwenda nyuma ya jiko, hawatahojiwa, kwa kuwa hawana sifa za kitaaluma.