Mwendokasi wa Mlimani
Katika mji wa Moshi, gari huitwa jipya si kwa sababu limetoka kiwandani karibuni, bali kwa sababu ni la namba E, yaani herufi zake za usajili zinaanza na E na hivyo kuthibitisha kwamba halijakaa sana nchini, hata kama lilikwisha kuzeekea Japani. Subaru Impreza, gari dogo lenye sura ya mashindano, husifiwa hasa likiwa na turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili nguvu iongezeke. Nguvu hiyo hukutana mara moja na kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, askari wa usalama barabarani, na matuta. Mmiliki, ambaye kwa hiari yake (na kwa gharama) amekata springi ili gari liinamie lami, huyavuka matuta hayo mshazari, tairi moja moja, kwa unyenyekevu ambao hata mposaji hauonyeshi mbele ya wakwe. Desemba ikifika, Wachaga wanaporejea vijijini kwao mlimani, Kibosho, Machame na Marangu, kwa Krismasi, gari huegeshwa lami inapokwisha, na bwana mwendokasi humalizia mlima kwa bodaboda, amekumbatia kreti ya soda.