Sifa za Bando la Usiku

Mkoa wa Ruvuma husifiwa kwa mahindi, na unastahili. Lakini sijamsikia mtu akilisifu bando la usiku, zao lisilodai mvua wala mbolea ya ruzuku, linalostawi kuanzia saa sita kwenye magheto ya wanachuo wa Songea, Matogoro hadi Mshangano. Dhuluma hiyo naikomesha leo.

Mwezi wa saba baridi ya Songea haina mchezo. Mwanachuo kajifunika blanketi gubigubi. Humo ndani mna mwanga wa buluu, kioo chenye ufa na kidole gumba kinachopandisha video. Mwili wote umelala isipokuwa hicho kidole. Wahitimu wanalia hakuna ajira, gumba lina zamu ya usiku ya kudumu!

Na upendo wake? Ukimwambia mwenzako wa chumbani kwamba umeachwa, atakupa pole, kisha atageukia ukutani. TikTok haigeukii ukutani. Inapima umetulia kwenye video kwa muda gani. Ukizubaa kidogo kwa dada anayelia kuachwa, inakuletea mwingine, na mwingine, mpaka unakuwa na ukoo mzima wa walioachwa. Ulipanda kitandani na huzuni yako moja, alfajiri unazo za Mwanza, Mombasa na Lagos. Utajiri huo nani mwingine angekupa bure? Au tuseme, kwa bei ya bando.

Elimu nayo ipo. Makumbusho ya Majimaji yako papo hapo Songea, mtaa wa Mahenge, mwanachuo wetu hajayatia mguu, lakini sebule ya msanii wa Dar es Salaam anaijua mpaka rangi ya makochi. Akimaliza kuitazama, analitazama godoro lake la inchi nne na kulionea aibu ambayo alipofika chuo hakuwa nayo.

Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa usiofika mwisho, baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Unyenyekevu umemzidi. Bila yeye video zingeisha, watu wangelala, na wauza pawabenki wangekula wapi?

Wenye husuda watakukumbusha Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Eti ulikuwa muda wa kupumzika! Hebu mfikirie kijana aliyebaki gizani na mawazo yake mwenyewe, hana hata video moja ya kuyakimbilia. Usimwombee adui.

Saa nne asubuhi, kipindi cha kwanza kimeshapita, mama anapiga simu kutoka Mbinga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona sauti nzito hivyo, unaumwa?”

“Hapana mama. Nilikuwa nasoma usiku kucha.”

Wala hakudanganya, alisoma maoni yote, hata ya matusi. Mama akamshukuru Mungu, na mchana akatoa kwenye hela ya kahawa akamrushia ya bando, mtoto asije akakwama masomo.