Ilhamu Ipo, Karatasi Ndiyo Hakuna

Mtu akishaelezwa kwamba ninatengeneza kolaji, na akishaelezwa kolaji ni nini, swali lake la kwanza ni hili: "Ilhamu unaipata wapi?" Anauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ninaifuata kwa mganga. Hakuna hata mmoja anayeuliza karatasi ninazipata wapi, na hapo ndipo penye kilio changu. Ilhamu ninayo tele. Karatasi ndiyo inayonitoa jasho.

Kwa ambaye bado hajaelezwa: kolaji ni picha inayotengenezwa kwa kukata au kuchana karatasi za kila namna na kuzibandika kwenye kadibodi mpaka zikubali kuwa kitu kingine. Vitabu vinasema ni sanaa ya watu wasio na fedha, mkasi na gundi tu vinatosha. Waliosema hivyo wanaishi kwenye nchi ambako matangazo ya madukani yanasukumwa mlangoni kila asubuhi, hata kama mwenye nyumba hayataki. Mimi naishi Dar es Salaam, ambako kila kitu kimehamia kwenye simu.

Chukua kadi za harusi. Zamani kadi ya mchango ilikuwa kadi kweli: karatasi nzito, maua yaliyovimba ukiyapapasa, utepe wa rangi ya dhahabu, na bahasha yake juu. Kuipokea kuliuma, lakini ukishamaliza kulalamika unabaki na malighafi ya maana. Siku hizi kamati inakuingiza kwenye kundi la WhatsApp bila hata salamu, inakurushia picha ya maharusi wametazamana, chini yake namba ya kutumia pesa. Mchango haujapungua hata senti, ila karatasi imeondolewa. Nilimwuliza mweka hazina wa kamati moja kama ningeweza kupata kadi ya karatasi, hata kwa kusamehe sahani yangu ya ukumbini. Akanijibu, "Mzee wangu, kwanza tumalizie ile ahadi."

Magazeti yamekonda. Kalenda za ukutani, ambazo kila Januari zilikuwa zinagawiwa bure mpaka nyingine zinatumika kufunikia madaftari ya shule, sasa mpaka uwe na mtu ndani ya ofisi. Vocha za kukwangua, zenye rangi zile kali ambazo hakuna duka la vifaa vya sanaa linaloziuza, zimekwisha. Zimebaki risiti za mashine, na hizo ni za kukudanganya tu, kwa sababu hazina wino. Zinachapwa kwa joto. Bandika risiti kwenye picha yako leo, itundike sebuleni penye mwanga, na baada ya muda maandishi yote yamefifia, umebaki na kipande cheupe katikati ya kazi na wageni wanauliza hapo palikuwa na nini.

Mwokozi wangu wa mwisho alikuwa muuza karanga wa kituoni. Yeye alikuwa anafungia karanga zake kwa kurasa za madaftari ya shule, na kurasa zile zilikuwa hazina bei: hesabu za mtoto wa watu, mistari ya bluu, kalamu nyekundu ya mwalimu iliyopita kwa hasira, "Rudia", "Ona mwalimu", na doa la chumvi na mafuta kwenye kona. Nilinunua karanga mpaka daktari akaniuliza ninakula nini. Sasa hata yeye amehamia kwenye vifuko vya nailoni. Nilipomlalamikia alinitazama kwa huruma. "Mzee, afya," akasema. Afya ya nani, hakufafanua.

Rangi ya kijani na ya njano huwa zinapatikana kwa wingi wakati wa uchaguzi, tena kwenye karatasi bora, yenye kung'aa, isiyopauka kwa jua. Lakini hebu fikiri: mtu mzima, saa nne usiku, mkononi ana wembe, anabandua bango la mgombea taratibu ili asilichane. Polisi akitokea utamwambia unatafuta ilhamu?

Wenzetu wa Ulaya walianza mchezo huu kwa raha zao. Mwaka 1912 Picasso alibandika kwenye picha yake kipande cha kitambaa cha mezani kilichochapwa mchoro wa kiti cha kusuka, akaizungushia kamba, mambo yakaisha. Mwaka huohuo rafiki yake Braque aliona kwenye dirisha la duka huko Avignon karatasi ya ukutani iliyochapwa ionekane kama mbao, akainunua, akaikata, akaibandika. Aliingia dukani akanunua! Kurt Schwitters wa Hannover hakuhitaji hata duka. Alikuwa anaokota tikiti na vifungashio barabarani. Mimi nikimwomba konda tikiti, abiria wote wanageuka kunitazama.

Lakini ninayemheshimu kuliko hao wote ni bibi mmoja wa huku kwetu, na inaniudhi kwamba wanaoniuliza habari za ilhamu hawajapata kumsikia. Rosemary Karuga alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisoma sanaa Makerere, mwanamke wa kwanza kusoma kwenye shule ile ya sanaa, kisha akarudi kwao kufundisha, miaka na miaka ya chaki na watoto wa watu. Aliposhika tena kazi yake mwenyewe, miaka ya 1980, umri umekwenda na rangi za dukani hazishikiki kwa bei. Basi akakata karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga. Kwa vipande hivyo alitengeneza kuku, ng'ombe, wanawake wako kazini, maisha ya kijijini anayoyaona kwa macho yake, na ukiitazama picha kwa karibu unaona ni vipande vidogo vidogo, kila kimoja kimechaniwa mahali pake. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, kwenye jumba la Studio Museum la Harlem. Alitengeneza pia picha za kitabu cha Amos Tutuola, yule Mnijeria wa hadithi za mlevi wa tembo. Alifariki mwaka 2021, huko Ireland.

Huyo ndiye aliyenipa moyo, nikaona na mimi niende jikoni nikasake vifungashio. Kumbe dunia imegeuka. Sabuni inakuja kwenye ganda linaloteleza, gundi inalia juu yake haishiki. Unga tunaonunua sisi unakuja kwenye kiroba cha plastiki kilichofumwa, ambacho ukikikata kinafumuka nyuzi mpaka sakafuni. Kilichobaki ni mfuko wa saruji, ile karatasi ya kaki, na hiyo kweli ni karatasi: ngumu, ina rangi ya udongo wa barabara ya kwenda kwetu, inavumilia maji. Tatizo ni kuipata kwa fundi ujenzi. Ukimwomba mtu mfuko mtupu anashuku kuna biashara hujamwambia, na kesho yake anautajia bei.

Halafu kuna feni. Katika vitabu vyote vya kolaji nilivyosoma hakuna hata kimoja kinachotaja feni, kwa sababu havikuandikwa Machi, Dar es Salaam. Umekata vipande vyako vidogo, umevipanga mezani kwa rangi, mbingu huku, bahari huku. Ukiwasha feni, mbingu yote iko chini ya kabati. Ukiizima, jasho linadondoka kutoka puani moja kwa moja hadi kwenye uso wa mtu uliyemtengeneza tangu asubuhi, na karatasi ya gazeti ikishalowa hainyooki tena. Ninafanya kazi vizuri umeme ukikatika, kwa kuwa angalau hapo hakuna cha kuchagua. Mtaani mimi peke yangu ndiye ninayeupokea mgao kwa shukrani, na kwa hilo nimeshaitwa msaliti.

Gundi nayo ina yake. Ile nyeupe ya seremala ni nzuri, lakini inapanda bei. Ya asili ni uji wa ngano, ule wa shuleni, na ukiutia matone ya mafuta ya karafuu hauchachi upesi. Nyumba ilinuka mtu anayeumwa jino, nikavumiliwa. Kilichonishinda ni mende. Mende wanaupenda uji wa ngano kuliko binadamu yeyote anavyozipenda picha zangu. Wanakuja usiku, wanaanzia pembeni, wanakula gundi na kuniachia karatasi inapepea. Ni wadau wa sanaa wa kweli, hawaulizi bei.

Nyumbani mimi ni mtuhumiwa. Kila karatasi ikipotea naulizwa mimi. Siku moja mezani nilimsimulia mke wangu habari za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi ambaye kazi zake zimefika kwenye majumba makubwa ya Marekani na Ulaya, kwamba ana kolaji alizotengeneza juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, inayoonyesha uvimbe wa kizazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyanyuka bila neno, akaenda chumbani, nikasikia kabati linafungwa kwa ufunguo. Ndani yake kuna vyeti, hati ya kiwanja na bahasha ya eksirei ya mama mkwe.

Wageni wao ni namna nyingine. Wa kwanza anataka twiga. Amezoea picha za maganda ya migomba wanazouziwa watalii, twiga na Mmasai na jua linazama, na haoni kwa nini mimi nimeng'ang'ania mifuko ya saruji. Wa pili anasema hata mtoto wake wa chekechea anaweza. Huyu sibishani naye. Namsimulia tu kwamba mwaka 1961 jumba la sanaa za kisasa la New York lilitundika picha ya mashua ya Matisse, ya karatasi za kukata, juu chini, ikakaa hivyo siku 47. Alikosea mtundikaji, maelfu wakapita wakaitikia kwa vichwa. Fundi fremu wangu alinifanyia hivyohivyo, pete ya kutundikia akaipiga upande wa chini. Nikaitundika alivyotaka yeye. Ndiyo picha yangu pekee ambayo shemeji ameisifu.

Na ilhamu je? Mary Delany, mama wa Kiingereza, alikuwa na miaka 72 alipoona jinsi kipande cha karatasi kilivyofanana rangi na ua la geraniamu, akachukua mkasi. Akaishia na maua ya karatasi zaidi ya 900, ambayo yako British Museum. Hakungoja kushukiwa na chochote. Karatasi ilikuwepo mkononi, akaitazama. Kwangu ni hivyohivyo. Kona ya bluu ya kifungashio cha viberiti inaniambia yenyewe kwamba ni mlango wa nyumba ya Bagamoyo, kisha nautafutia mlango huo ukuta, na ukuta unadai mtu wa kuuegemea. Ikikosekana ile kona, ninaweza kukaa na ilhamu yangu mpaka Idi, hakuna kitakachobandikwa.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujawasha moto wa takataka Jumamosi hii, pitisha macho. Kadi za harusi zilizochapwa, hata kama ndoa yenyewe imeshavunjika. Kalenda za miaka iliyopita. Madaftari ya watoto waliomaliza, hasa waliofeli, maana yana nyekundu nyingi. Risiti usiniletee. Pambo la kumetameta usiniletee kabisa, lile halitoki kwenye zulia. Na kama una karatasi ya kijani, ile ya majani ya mwembe baada ya mvua, isiyo ya chama chochote, iweke pembeni nije kuichukua mwenyewe.