Mita ya Fundi na Transfoma ya Baba

Jumanne jioni spika ya kushoto ilinyamaza katikati ya wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, na Baba alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Tanga. Santuri ile aliniachia yeye alipostaafu ufundi mitambo wa redio, pamoja na sahani zake zote na transfoma iliyo ndani ya kisanduku cha mbao alichokiunda kwa mikono yake. Sikutaka aikute bubu.

Fundi alikuja Jumatano. Kosa lenyewe lilikuwa dogo: kiwaya chembamba nyuma ya katriji inayobeba sindano kilikuwa kimechomoka. Akakirudisha kwa kikoleo, sauti ikatoka. Lau angeishia hapo, tungelala salama. Lakini alitaka kuhakikisha. Akafungua kisanduku, akatoa mita, akagusisha ncha zake kwenye koili za transfoma, moja baada ya nyingine, aone kama ziko nzima. Zilikuwa nzima, akatuaga kwa nia njema kabisa.

Usiku ule niliweka sahani ileile. Spika zote mbili ziliimba, ila gitaa la besi lilikuwa limekonda na saksafoni zikikwaruza. Nikampigia Baba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini usiku huu?"

Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza neno moja tu: "Kuna mtu ameweka mita kwenye transfoma?"

Katriji ya Baba ni Denon DL-103 ya Japani, iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya utangazaji wa NHK. Koili zake hucheza ndani ya uga wa sumaku ya kudumu na kutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 0.3. Transfoma yetu huuzidisha mara 10 ndipo amplifaya iweze kuupokea. Kiini cha transfoma ya namna hii ni mchanganyiko wa nikeli na chuma, laini kiasi cha kuitikia hata mnong'ono, na kwa sababu hiyohiyo hushika sumaku upesi. Mita inapopima ukinzani hupitisha umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja tu. Kwa kiini kile, huo ni mwingi. Kikishaegemea upande mmoja hubaki hivyo, na muziki, ambao huhitaji kwenda na kurudi sawasawa, hupita umepinda.

Alhamisi shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alileta kifaa cha kuondolea usumaku kwenye vichwa vya rekoda za kanda. "Shemeji, hii ni kazi ya dakika moja," alisema. Huchomekwa ukutani, na umeme wetu wa hezi 50 hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, ukiyumbisha usumaku wa chuma huku na huku. Siri yake ni kukiondoa polepole, ili kila mgeuko uwe mdogo kuliko uliotangulia, mpaka pasibaki kitu. Kizime kikiwa mbali kabisa.

Nilikishika mwenyewe karibu na transfoma. Kilitetemeka kiganjani kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Nilikuwa nimekivuta nusu shibiri tu, umeme ukakatika mtaa mzima.

Kukatika ghafla ndiko kunakoharibu kila kitu, maana kiini hubaki na usumaku wa nukta ileile kilipoachwa. Umeme uliporudi, besi ilikuwa imepotea zaidi. Shemeji akasema labda ubovu uko kwenye katriji, akaanza kukipeleka kifaa chake huko. Baba alikuwa hewani, simu iko mezani, akamsikia.

"Usithubutu! Hiyo sumaku ya ndani ukiidhoofisha, hairudi!"

Mume wangu alikuwa ameshachomoa waya ukutani.

Ijumaa usiku, watoto wamelala, Baba alituelekeza njia isiyotegemea umeme wa ukutani. Tulitenganisha transfoma na katriji, tukaitenganisha na amplifaya pia. Tukaunganisha waya kutoka simu yangu, kupitia rizista, hadi upande wake unaopokea katriji. Nikaizuia simu isipokee miito. Programu ikatoa mvumo wa hezi 20, kwanza kwa nguvu, kisha nikaanza kuvuta kitelezi chini kwa ncha ya kidole, taratibu, huku Baba akihesabu kwenye simu ya mume wangu. Moja, mbili, tatu, hadi 60. Mkono uliniuma kwa kuuzuia usikimbie. Tulipomaliza upande wa kushoto tukarudia wa kulia, hatua kwa hatua vilevile.

Jumamosi Baba hakuvua hata koti. Alinyanyua mkono wa santuri kwa kidole kimoja, akashusha sindano, akainamisha kichwa. Besi ilipoingia, kidole chake kilianza kugonga goti, noti kwa noti.

"Hapo," alisema, na ndipo akaomba chai.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna santuri ya mzazi, na fundi akafungua kisanduku cha transfoma mita ikiwa mkononi, mzuie kwa adabu. Waya uliochomoka huonekana kwa macho.